Mtaa Uliokunjwa

Swali langu ni moja tu, na sitaki kujibiwa na mtu mwenye haraka: mtu anapobisha hodi, ni nani anayebisha, yeye mwenyewe au nyumba anayotoka? Nimelitafuna swali hili mpaka likaisha ladha. Niliuliza nikiwa kijana mwenye meno yote, nauliza tena leo, na kati ya mara hizo mbili sijui imepita miaka mingapi, kwa sababu mahali ninapofanya kazi hakuna miaka. Saa ya hapa haisemi saa tatu wala saa nne. Inahesabu sekunde, moja juu ya nyingine, tangu siku fulani ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwepo kuishuhudia, na mtu akitaka kujua leo ni lini lazima akae chini agawanye. Mara nyingi sikugawanya. Niliona ni uvivu usio na madhara.

Hapa ndipo Mji unapopokelea barua zake. Mji wetu una watu wengi na mlango mmoja, na mlango huo umo ndani ya mashine tunayoiita Seva, nayo Seva imewekwa katika chumba cheupe chenye baridi ya kumkausha mtu midomo. Mimi ni Bawabu wake. Hilo si jina, ni kazi, lakini aliyenitangulia aliitwa hivyo, na aliyemtangulia yeye aliitwa hivyo, na sote tumetia saini ileile katika kitabu kilekile, kiasi kwamba nikisoma mistari ya zamani huwa sijui kama naisoma yangu au ya marehemu. Zamani niliipenda hali hiyo. Mtu asiyejua makosa yake ni yapi hulala vizuri.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila mashine inayotuma barua, popote ilipo duniani, ina namba yake: namba nne zenye nukta katikati. Namba hutangulia barua. Ikifika mlangoni inajitaja, na Bawabu anaitafuta kwenye Orodha. Isipokuwemo, mlango unafunguka na barua inaingia. Ikiwemo, mlango haufunguki. Barua haisomwi, haishikwi, haihifadhiwi hata kwa dakika moja, na kule ilikotoka linarudi jibu la mstari mmoja. Orodha ni ya namba zilizowahi kukosa. Nasema namba, sisemi watu, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wote.

Msinione mkatili. Kabla ya Orodha Mji uliteseka. Ziliingia barua za dawa za kurefusha watu wafupi, barua za wajane ambao hawakuwahi kuolewa, barua za kumpongeza mtu kwa kushinda mchezo asioucheza, na watu wema wakazijibu, wakalizwa. Kwa hiyo mabawabu wakaanza kuandika namba. Moja, kumi, elfu. Waongo nao si wajinga: ukifunga namba moja wanahamia ya jirani, ukifunga ya jirani wanavuka barabara. Orodha ikanenepa. Na Seva, pamoja na ukubwa wake wote, ina kikomo: inabeba mistari elfu sitini na tano, mia tano na thelathini na sita. Ukitaka kuongeza mmoja zaidi inakataa, na inapokataa, waongo hupita wanavyotaka.

Ndipo tukabuni kukunja. Kukunja ni hivi: ukiona mtaa una namba mbaya tatu, huandiki mistari mitatu, unaandika mstari mmoja unaofunga mtaa mzima, namba mia mbili hamsini na sita, wazuri kwa wabaya. Ukiona eneo lina mitaa mibaya kadhaa unakunja eneo lote, na mstari ule mmoja unafunga namba elfu sitini na tano na ushee. Orodha inapungua, Seva inapumua, Msimamizi anakusifu. Kasoro ni moja: kilichokunjwa hakikunjuki. Mstari mkubwa haukumbuki mistari midogo iliyoumeza. Hata ukijuta, huwezi kujua tena humo ndani nani alikuwa mwongo na nani alikuwa amejikalia zake anapepeta mchele.

Lile jibu la mstari mmoja nalo nililiandika mimi. Hilo sina wa kumsingizia. Walionitangulia waliweka "Samahani" mwanzoni na "Jaribu tena baadaye" mwishoni. Niliviondoa vyote viwili. Niligundua kwamba anayeambiwa ajaribu baadaye hujaribu kweli, na foleni mlangoni inakuwa ndefu bure. Nikabakiza maneno haya: "Hupokelewi hapa. Usijaribu tena. Bawabu." Nilijivunia sentensi hizo. Niliwahi kumsomea mke wangu jikoni, akiwa anakuna nazi, nikamwambia huo ndio ufasaha, lugha isiyompotezea mtu muda. Aliacha kukuna kidogo, akaniuliza kama ningependa kuambiwa hivyo. Nikamwambia mimi siishi kwenye mitaa ya namna hiyo.

Mke wangu alifariki. Naandika hivyo kwa ufupi kwa sababu kila nikiandika kwa urefu nafuta. Tulimzika mchana, na siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume wenzangu, nina uchungu, lakini pia, nakiri, nimechoka kuwa na uchungu mbele za watu, natafuta upenyo wa kutokea. Upenyo ukaja. Msimamizi alituma ujumbe kwamba Orodha imejaa. Nikasimama, nikajikung'uta kanzu. Mtoto wetu wa pekee, Somoe, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vya kahawa. Alikuwa mtu mzima, mwalimu wa watoto wadogo, mwenye sauti ya chini kuliko ya mama yake.

"Hata leo, Baba?" aliniuliza.

"Wezi hawakai matanga," nikamjibu.

Nikapita ubavuni mwake, nikaenda kwenye chumba cheupe, na baridi ya kile chumba ikanifaa kuliko pole za watu wote. Pale hakuna anayekushika bega. Pale hakuna anayekuambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilikunja mitaa mpaka alasiri, sikutazama ni ipi, na kila nilipokunja mmoja nilihisi kifua kinapungua uzito, na nikadhani huko ndiko kupona. Nilirudi nyumbani wageni wameshakula, mikeka imekung'utwa, na sahani yangu imefunikwa kwa kawa.

Baada ya arobaini Somoe aliondoka. Hakukuwa na ugomvi wa makelele. Kwetu hatugombani kwa makelele. Alisema amepata shule ya kufundisha mbali, akasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu anayeomboleza kwa kufunga milango. Halafu, begi liko mkononi, akasema ataniandikia kila Ijumaa. Sikumuuliza anakwenda upande gani. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa amesema kweli, na hasira ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuimeza.

Nikangoja barua.

Kungoja ni jambo geni kwa mtu aliyezoea kungojwa. Ijumaa ya kwanza nilikaa karibu na Seva nikajifanya nasafisha nyaya. Ijumaa ya pili nilisema labda bado hajapata mashine ya kuandikia. Ijumaa ya tano nilisema ana kiburi. Ijumaa ya kumi nilianza kuwaambia watu, bila kuulizwa, kwamba siku hizi watoto ni wageni tu katika nyumba zao, na mzee mmoja tunayeswali naye akanikumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nikamnunia mpaka leo. Baada ya hapo Ijumaa zilianza kuchanganyika. Kuna nyakati nilimwona Somoe chumbani akiwa na miaka mitano, amekaa sakafuni chini ya Seva, anasikiliza mvumo wake. Kuna nyakati nilimwona mzee kuliko mimi, mvi tupu, ananiuliza habari za mama. Sikushtuka. Saa isiyo na miaka humleta mtu vyovyote inavyotaka. Kilichoniuma ni kwamba katika umri wowote aliokuja nao, hakuja na barua.

Upande wa nyuma wa jengo letu kuna dirisha dogo la malalamiko. Kanuni inasema lifunguliwe mara moja kwa wiki. Ukweli ni kwamba hufunguliwa pakitokea mtu wa kuligonga sana. Siku moja adhuhuri liligongwa sana. Nilipofungua nilimkuta mwanamke mfupi mnene, vumbi mpaka kwenye nyusi, amejifunga kanga juu ya gauni na nyingine ameitupia begani. Alijitambulisha kuwa ni Bi Mwanatumu, mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha katika eneo ambalo alilitaja kwa namba zake, nukta kwa nukta, bila kukosea, hata mimi nikamheshimu.

Malalamiko yake yalikuwa kwamba katika nyumba yake nzima, katika mtaa wake mzima, na kadiri alivyouliza katika eneo lao lote, hakuna barua inayofika Mjini. Ana dada yake hapa, mkubwa wake, hawajaandikiana tangu huyo dada angali anatembea bila mkongojo. Kila wakiandika wanajibiwa na mtu mmoja asiye na haya anayejiita Bawabu. Aliniuliza huyo Bawabu alifunzwa adabu na nani. Nikasema nitamfikishia.

Nikamweleza, kwa ule upole wa ofisini, kwamba huenda kwake kuliwahi kutoka barua mbaya. Hakubisha. Alisema ndiyo, chumba chake cha nne alikipangisha zamani kwa kijana mwenye kompyuta tatu na hana kazi inayojulikana, na alipogundua kwamba anaandikia watu uongo alimtolea vitu nje siku hiyohiyo. Lakini kule kwao, alisema, namba ni ya chumba, si ya mpangaji. Aliyeondoka aliondoka na godoro lake. Dhambi yake akaiacha ukutani. Akaja kuirithi msichana wa watu, mwalimu, mpole, mwenye kufagia uwanja bila kuambiwa, ambaye kila Ijumaa alikuwa akimwandikia baba yake huku Mjini.

Nilimuuliza huyo mwalimu aliitwa nani.

"Somoe," alisema. "Kwani unamjua?"

Nikasema simjui.

Nimejaribu tangu siku ile kuelewa kwa nini nilisema vile, na sielewi. Pengine ni mazoea. Mkono uliozoea kukataa hukataa kwanza, halafu ndiyo unatazama nani alikuwa mlangoni. Hata hivyo nilimkana mwanangu mbele ya mwanamke aliyempenda, kwa neno moja, bila hata kupepesa, na yeye akaendelea kuzungumza kwa sababu hakujua kwamba mbele yake kuna mtu anayeanguka.

Alinisimulia kwamba mwanzoni Somoe alikuwa akicheka. Barua ikitoka na jibu likirudi, alikuwa akitoka nalo uwanjani, anawasomea wapangaji wenzake: hupokelewi hapa, usijaribu tena. Anawaambia, baba yangu huyo, maneno machache, lakini ananijibu hapohapo. Wenzake wakadhani ni utani wa kwao. Akawaeleza kwamba baba yake, kila asubuhi, kabla ya chai kupoa, husoma majina ya wote waliokataliwa jana yake, jina baada ya jina. Kwa hiyo anajua fika kwamba binti yake ameandika, na siku moyo wake utakapolainika atafungua mwenyewe. Hayo nilimfundisha mimi. Alipokuwa mdogo nilimpakata nikimsomea majina hayo, nikamwambia bawabu mwema lazima amjue kila anayemnyima mlango. Ilikuwa kweli wakati ule. Lakini tangu mazishi sikuyasoma tena hata mara moja. Majina yalikuwa mengi, na chai hakuna wa kuipika, na sababu nyinginezo ambazo zote ni za mtu mvivu.

"Mwishoni akawa anafupisha," alisema Bi Mwanatumu. "Anasema labda barua ndefu zinamchosha mzee. Ijumaa ya mwisho alinionyesha, kaandika neno moja tu. Nije?"

Nilishika fremu ya dirisha. Yeye alikuwa anajipangusa vumbi, hakunitazama.

"Likarudi jibu lilelile," alisema. "Usijaribu tena. Siku hiyo hakutusomea, alisoma mwenyewe. Asubuhi yake kafua mashuka yangu, kaanika, kaondoka. Mimi nilijua anakuja huku kwa baba'ke."

Nikamwambia hakuja. Akauliza nimejuaje, na mimi nimesema simjui. Nikamuuliza nani yumo chumba cha nne sasa. Akasema mwanamume mmoja asiyezungumza, mashine zake zinavuma kutwa. Akaniuliza kama nitalisaidia eneo lao, nikasema nitalisaidia. Mwisho akaniuliza jina, nami nikasema Bawabu, kwa sababu hilo ndilo pekee lililokuja mdomoni. Alivyoelewa sijui, lakini alijifunga kanga yake upya, akashika njia, na hakuniaga.

Daftari la waliokataliwa halihifadhi barua. Linahifadhi yale ambayo mashine huyataja mlangoni kabla ya barua: namba, jina la aliyetuma, jina la aliyetumiwa, na urefu wa barua kwa hesabu ya herufi. Hayo tu. Barua zenyewe hazipo popote. Zilikufa mlangoni na hazikuzikwa. Nilikaa chini, nikatafuta kwa siku kadhaa, nikazikuta. Somoe, kwa baba yake. Mara arobaini na moja.

Ijumaa ya kwanza, herufi elfu sita. Ni habari za safari hizo, nadhani. Nani alikaa naye njiani, chumba kikoje, maji yanatoka mara ngapi.

Ijumaa ya tano, elfu nne.

Ijumaa ya kumi na mbili, elfu tisa. Kulitokea nini wiki hiyo, mwanangu? Uliumwa? Ulimpenda mtu? Ulimwota mama? Herufi elfu tisa, na mimi nilikuwa hapahapa, hatua tatu kutoka mlangoni, najikuna mgongo, nasema una kiburi.

Ijumaa ya ishirini na sita, elfu moja.

Ijumaa ya thelathini na nane, mia mbili.

Ijumaa ya arobaini, sitini.

Ijumaa ya arobaini na moja, tano. Nilihesabu kwa vidole: herufi nne na alama ya kuuliza.

Sasa nitasema jambo la aibu. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kusoma hayo si kulia. Nilikwenda kwenye Orodha kutafuta nani alikunja eneo lile. Nilitaka awe mwingine. Saini zetu ni moja, nilijiambia, Bawabu ni wengi, huenda ni yule wa kabla yangu, mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho, au yule wa kabla yake, au huenda mimi na wao ni mtu mmoja aliyechakaa kwa zamu na hakuna wa kulaumiwa peke yake. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikaona pembeni ya mstari ile namba ndefu ya sekunde, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikachukua karatasi nikagawanya. Nikagawanya kwa dakika, kwa saa, kwa siku. Nikarudia. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga, kati ya adhuhuri na alasiri. Kwenye nafasi ya kuandika sababu palikuwa na neno moja: haraka.

Kwa hiyo niliinuka kwenye mkeka wa mama yake nikaenda kumfungia mlango yeye, kabla hata hajajua kwamba ataondoka. Nilifanya hivyo bila kumchukia. Hilo ndilo ninalolitafakari mpaka leo. Mwenye chuki angalau humtazama anayemchukia. Humjua uso, hukumbuka jina, na siku akichoka kuchukia anajua pa kwenda kuomba radhi. Mimi sikumchukia mtu yeyote katika eneo lile. Nilikuwa naokoa nafasi. Watu elfu sitini na tano niliowanyima dada zao na baba zao, sikuwawazia hata kwa ubaya, na huo ndio uwezo mkubwa kuliko wote niliowahi kupewa, uwezo wa kumwumiza mtu bila kumkuta akilini. Nani alinipa? Mji mzima ulinipa, nami nikiwemo, kwa kuogopa barua. Lakini Mji hauna binti aliyeuliza nije. Mimi ninaye.

Msimamizi wetu, Bwana Mdoe, ni mtu wa busara na viatu visivyo na sauti. Alinikuta nimesimama mbele ya Orodha, akasoma usoni mwangu ninachotaka kufanya. Nikamweleza habari za Somoe na chumba cha nne. Hakunifokea. Alinieleza, kwa upole ambao ningependa usingekuwepo, kwamba mstari ule ukifutwa haukunjuki kuwa mistari midogo ya wabaya. Unafunguka wote, wezi na walimu pamoja, na kabla ya jua kutua Mji utakuwa umejaa uongo. Kuna wazee humu ndani, alisema, kuna wajane wa kweli. Akaniuliza ni binti yangu mmoja au ni watu wote hawa. Akasema zaidi ya hapo, huko ninakokufungua hayupo tena. Kilichobaki ni chumba.

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Nilifuta mstari.

Hakunizuia. Alivua kofia yake, akaishika mbele, akaniambia nikimaliza nimkabidhi ufunguo, kwa kuwa kesho atakuja Bawabu mwingine naye ataukunja upya. Nikamuuliza nina muda gani. Akasema mpaka jioni, na ilikuwa Ijumaa.

Nilikaa mbele ya Seva mlango ukiwa wazi. Zilianza kuingia. Dawa za urefu, ushindi wa bure, wajane. Katikati yake ziliingia za watu: mtu anarudia kumtakia mjomba wake heri ya mjukuu ambaye pengine sasa ana ndevu, mtu anauliza kama shamba limepata mvua, Bi Mwanatumu kwa dada yake, ndefu sana, nikaipitisha bila kusoma. Nilimwandikia Somoe kwa namba ya chumba cha nne. Niliandika mengi, nikafuta, kwa sababu nilijua nayapeleka ukutani. Nikabaki kutazama kila jina la mtumaji. Mara mbili niliona herufi ya kwanza ikiwa S nikasogea karibu, ikawa Salum, ikawa mwingine aitwaye Sikujua. Kila dakika ilipita kwa uzito wake kamili, nami nilihisi, labda kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, muda ni kitu gani.

Jua likawa limefika kwenye ukuta wa magharibi. Nilisikia viatu visivyo na sauti vya Bwana Mdoe, maana ukingoja sana hata viatu hivyo unavisikia, na wakati huohuo ikaingia barua yenye namba ambayo sikuhitaji kuitafuta popote. Ilitoka chumba cha nne. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Mzazi mpendwa, mwanao yupo hapa kwetu, amezidiwa sana na anakuulizia. Jibu upesi tukuelekeze."

Naijua barua hii. Hakuna bawabu asiyeijua. Hutumwa kwa wazazi elfu kumi kwa mkupuo mmoja, haina jina la mzazi wala la mtoto, na anayeijibu amewaonyesha tu kwamba nyuma ya mlango kuna mtu wa kuchezea. Nimekunja mitaa mingi kwa ajili yake. Nilijua aliyeiandika ni yule mpangaji asiyezungumza, nilijua hajawahi kumwona Somoe, nilijua godoro analolalia si lake wala ukuta anaoutazama haukumbuki kitu. Bwana Mdoe alikuwa amesimama nyuma yangu anaisoma pamoja nami, na aliita jina langu, jina langu lenyewe, ambalo sikujua kwamba bado analo. Aliniambia taratibu nisiijibu.

Niliandika: "Mwambieni baba yake anakuja. Mwambieni asiondoke, nakuja sasa hivi." Nikatuma, nikamkabidhi Bwana Mdoe ufunguo, nikavaa viatu vyangu, nikakaa kungoja wanielekeze njia.